Mtaalamu wa Maji Mbele ya Mbunge: Mwongozo Kamili wa Kupeleka Ombi Linalotekelezeka

Wahandisi, wakemia wa maabara na mameneja wa mamlaka za maji huingia ofisi za wabunge na hoja nzito, wakasikilizwa kwa heshima, wakapigwa picha, wakaambiwa "tutalifanyia kazi". Miezi 6 baadaye sheria ni ileile na bajeti ni ileile.

Mara nyingi ushahidi ulikuwepo wa kutosha. Kilichokosekana ni ombi. Mbunge aliambiwa mabomba yamechakaa na vyanzo vinakauka, lakini hakuambiwa ni kifungu gani akiguse, kwa maneno gani, kabla ya tarehe ipi. Mwongozo huu umepangwa kuanzia hapo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuomba miadi

- Ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwajiri wako.
- Nakala ya sheria, kanuni, muswada au kitabu cha bajeti unachotaka kibadilishwe. Nakala yenyewe, si muhtasari wa gazetini.
- Hesabu ya maji ya miezi 12 mfululizo: yaliyozalishwa, yaliyouzwa, yaliyopotea na namna yalivyopotea.
- Matokeo ya maabara iliyothibitishwa, kama hoja yako inahusu ubora wa maji.
- Ramani moja inayoonyesha mtandao wa mabomba juu ya mipaka ya majimbo.
- Ratiba ya bunge na ya kamati husika.
- Watu watatu: msemaji, mwenye takwimu na mwandishi wa kumbukumbu.

Jipe wiki 6 hadi 8. Anayeanza wiki moja kabla ya muswada kupigiwa kura atasikilizwa, ila hatakuta nafasi ya kubadilisha chochote.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa kusema

Mtumishi wa umma huenda haruhusiwi kushawishi wabunge kwa jina la taasisi yake bila kibali. Baadhi ya nchi huwataka wanaofanya ushawishi kwa malipo wajisajili. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya 1995 inayodai uwazi wa aina hiyo. Zawadi, posho na nauli kwa mbunge pia huwa na masharti yake. Soma yote matatu.

Kibali cha mwajiri kikikataliwa, pitia chama cha kitaaluma. Chama kikisema kwa jina lake, wewe unabaki kuwa mtaalamu anayejibu maswali.

## Hatua ya 2: Tafuta mlango sahihi

Hapa ndipo wengi hupotea. Tatizo la maji linaweza kukaa katika moja ya sehemu tatu, na kila moja ina mwenye ufunguo wake.

Sheria hutungwa na bunge. Nani anamiliki chanzo, nani anatoa vibali vya kuchota, mdhibiti (chombo kinachosimamia mamlaka za maji) ana meno kiasi gani: haya ni mambo ya sheria.

Kanuni hutolewa na waziri au mdhibiti chini ya sheria hiyo. Viwango vya klorini, umbali wa choo kutoka kisimani, muda wa kubadilisha dira za maji (mita za wateja): mara nyingi viko huku. Ukimwomba mbunge abadilishe kanuni, unamwomba kitu kisicho mkononi mwake. Anachoweza ni kumhoji waziri bungeni, kwa hiyo mwandalie swali.

Bajeti hupitishwa na bunge, lakini huandaliwa na wizara ya fedha miezi mingi kabla. Ikifika bungeni, kilichobaki kwa kawaida ni kuhamisha kiasi kutoka fungu moja kwenda jingine. Anayeomba nyongeza aseme ipunguzwe wapi.

Fungua nakala uliyonayo, weka kidole kwenye mstari unaokukwaza. Kama huwezi kuuonyesha mstari huo, bado hujawa tayari kwa hatua ya 3.

Wapo wanaoanza kwa azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 28 Julai 2010, lililotambua maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu kwa kura 122 bila hata moja ya kupinga. Ni azimio zuri. Lakini halisemi kifungu gani cha sheria yenu kirekebishwe, na mbunge amekwisha kulisikia. Liweke mwishoni au liache.

## Hatua ya 3: Andika ombi kwa sentensi moja

Sentensi iwe na mambo manne: nani afanye, afanye nini, kwenye maandishi gani, kabla ya lini.

Ombi bovu: "Tunaomba serikali iipe sekta ya maji kipaumbele."

Ombi linalofaa: "Tunaomba Kamati iongeze katika muswada huu, kabla ya kusomwa mara ya pili, kifungu kinachoitaka kila mamlaka ya maji iwasilishe kwa mdhibiti hesabu ya maji iliyokaguliwa ndani ya miezi 3 baada ya mwaka wa fedha kuisha."

Kisha andika kifungu chenyewe, kwa lugha ya sheria, tayari kwa kunakiliwa. Mbunge hana mwanasheria wa maji pembeni yake. Ukimpa maneno yaliyoiva, umemwondolea kazi ambayo ingekufa kwenye droo.

Onyo: ombi moja kwa mkutano mmoja. Ukipeleka matano, mbunge atachagua lile rahisi, atalitimiza, na atahesabu kuwa amemalizana nawe.

*Umefaulu ikiwa* mtu asiye wa sekta ya maji anaisoma sentensi mara moja na kukueleza unachotaka bila kukosea.

## Hatua ya 4: Geuza takwimu ziwe watu, bila kudanganya

Mbunge hafikiri kwa mita za ujazo, hufikiri kwa kaya za jimboni kwake. Kazi ya kugeuza ni yako, na ndiyo yenye mitego mingi.

Chukua mfano wa mtandao unaozalisha mita za ujazo 20,000 kwa siku, huku 7,000 hazilipiwi. Kishawishi ni kugawa 7,000 kwa lita 50 za mtu mmoja kwa siku na kutangaza kuwa maji ya watu 140,000 yanamwagika. Si kweli. Sehemu ya hizo 7,000 haikumwagika: imepita kwenye maunganisho haramu, imepita kwenye dira zilizochakaa zinazosoma pungufu, au imetumika bila kuandikiwa ankara. Kuna watu waliyanywa maji hayo.

Tenganisha kwanza. Tuseme 2,500 ni wizi, dira mbovu na makosa ya ankara, na 4,500 ni uvujaji wa kweli. Sasa hesabu inasimama:

- Mita za ujazo 4,500 ni lita milioni 4.5. Kwa lita 50 kwa mtu, ni mahitaji ya watu 90,000 kila siku.
- Kupandisha mita moja ya ujazo kwa mita 100 kwa pampu yenye ufanisi wa 60% hula takriban uniti 0.45 za umeme. Kama maji hayo yote hupandishwa kiasi hicho, uvujaji unakula uniti 2,025 kwa siku, yaani karibu 740,000 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya umeme mnayolipa.
- Mita 2,500 nyingine ni mapato yasiyokusanywa. Zidisha kwa wastani wa bei ya kuuzia.

Uvujaji na wizi hutibiwa kwa dawa tofauti. Mmoja unahitaji mabomba, vali za kupunguza presha na mafundi wa kusikiliza ardhi usiku ili kugundua bomba linapovuja. Mwingine unahitaji dira mpya na ukaguzi wa wateja. Ukichanganya, afisa wa fedha atakuuliza swali moja na hoja nzima itaanguka. Kama mgawanyo huo hamna, pima mtiririko wa usiku wa manane, kati ya saa 8 na saa 10, watu wakiwa wamelala. Kinachopita kwenye dira ya eneo muda huo, ukiondoa matumizi halali ya usiku, kwa sehemu kubwa ni uvujaji. Usikizidishe kwa saa 24 bila marekebisho, maana presha ya usiku huwa juu na tundu lilelile huvuja zaidi kuliko mchana.

Tahadhari na asilimia. Mteja mmoja mkubwa akifunga kiwanda, asilimia ya upotevu hupanda ingawa hakuna bomba jipya lililopasuka. Kwenye mgao nako, maji yakitoka saa 6 kwa siku, bomba huvuja saa 6 tu na mtandao mbovu huonekana mzuri. Ongeza kipimo cha lita kwa kila muunganisho kwa siku. Katika mfano wetu, mtandao ukiwa na maunganisho 25,000, uvujaji ni lita 180 kwa kila muunganisho. Namba hiyo mbunge ataishika, kwa sababu anaweza kuiona: ni ndoo 9 za lita 20 zinazomwagwa mbele ya kila nyumba iliyounganishwa.

Kwa ubora wa maji, linganisha na kiwango kinachojulikana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza fluoridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, nitrati isizidi 50, aseniki isizidi 0.01, na sampuli ya mililita 100 isiwe na bakteria wa E. coli hata mmoja. Kisha ongeza jambo ambalo mwananchi asingelijua: kuchemsha maji hakuiondoi fluoridi. Sentensi hiyo moja hueleza kwa nini tatizo haliwezi kuachiwa kila kaya ijitafutie njia.

Onyo: sampuli moja si ushahidi. Peleka za kiangazi na za masika, kila moja ikiwa na tarehe, mahali, njia ya upimaji na jina la maabara.

## Hatua ya 5: Ukurasa mmoja

Upande mmoja wa karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 11 au 12. Juu kabisa ombi, neno kwa neno kama ulivyoliandika katika hatua ya 3. Chini yake tatizo kwa sentensi tatu, namba zisizozidi tatu, ramani ndogo ya jimbo, gharama ya utekelezaji, na jina la mtu wa kumpigia simu. Kifungu kilichopendekezwa kiwe nyuma ya karatasi.

Gharama isiachwe. Kila ombi lina gharama, hata la kuandika ripoti tu. Usipoitaja, itatajwa na mpinzani wako, na yake itakuwa kubwa.

Weka pia hoja kali ya upande wa pili na jibu lake. Katika mfano wetu, mamlaka ndogo zitalalamika kuwa ukaguzi ni mzigo. Jibu linaweza kuwa kuziruhusu zenye maunganisho chini ya idadi fulani kujaza fomu fupi. Ukiwa umekwisha kuliandika hilo kwenye kifungu, anayepinga atabaki na machache ya kusema.

Ripoti ya kurasa 80 ibaki kwenye begi. Itaombwa na msaidizi, si na mbunge.

## Hatua ya 6: Chagua wa kumwona

Anza na hawa, kwa mpangilio huu: mwenyekiti wa kamati inayoshughulikia maji, wajumbe wa kamati ya bajeti, kisha mbunge ambaye jimbo lake limeguswa zaidi kwenye ramani yako. Soma kumbukumbu rasmi za bunge uone kila mmoja amewahi kusema nini kuhusu maji. Aliyeuliza swali la kisima miaka miwili iliyopita ana sababu ya kukusikiliza.

Usidharau wasaidizi na makatibu wa kamati. Hao ndio huandika muhtasari anaousoma mbunge akiwa njiani kuingia kikaoni. Dakika 40 na katibu wa kamati huzaa zaidi ya dakika 10 na mwenyekiti.

Wafuate wa vyama vyote. Ombi likibandikwa rangi ya chama kimoja, litakufa siku chama hicho kikikosa kura.

## Hatua ya 7: Omba miadi kwa wakati wake

Muswada hubadilika kirahisi ukiwa kwenye kamati. Ukifika kwenye kura ya mwisho umekwisha kuganda. Bajeti hubadilika kirahisi wizara zinapokusanya makadirio. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe hizo, uombe miadi wiki 3 kabla.

Barua ya kuomba iwe na mistari mitano: ninyi ni nani, ombi lenu, linahusu jimbo lipi, dakika mnazohitaji (omba 15), na majina ya watakaokuja. Piga simu baada ya siku 3 za kazi. Kimya katika hatua hii kwa kawaida maana yake barua haijafunguliwa.

## Hatua ya 8: Dakika 15 zenyewe

Dakika ya 1. Majina, shukrani fupi, na ombi. Ndiyo, ombi kwanza. Kengele ya kikao ikilia dakika ya 4, awe amekwisha kulisikia.

Dakika ya 2 hadi 5. Tatizo na namba moja kubwa, ukionyesha ramani. Acha maneno ya ofisini. "Upotevu usio wa kimwili" useme "maji yanayoibwa au yasiyosomwa na dira". "Tope kwenye maji ghafi" linatosha mahali pa vipimo vya mtambo.

Dakika ya 6 hadi 8. Kifungu: kinasemaje sasa, kitasemaje kikirekebishwa. Mpe karatasi sasa, si mwanzoni, la sivyo ataisoma huku mkizungumza.

Dakika ya 9 hadi 13. Nyamaza, ajibu au aulize. Akiuliza kama jambo hili limewahi kufanikiwa popote, kuwa na mfano mmoja wa kweli. Phnom Penh, Kambodia, ilikuwa ikipoteza takriban 72% ya maji yake mwaka 1993. Baadaye ikashuka chini ya 10%. Mafundi na dira vilifanya kazi kubwa, lakini lipo pia jambo la kisera ambalo mbunge atalielewa haraka: mwaka 1996 serikali iliipa mamlaka ya maji ya mji huo uhuru wa kujiendesha kifedha.

Swali usilolijua jibu lake, sema hivi: "Mheshimiwa, jibu la uhakika sinalo hapa, nitalileta kwa maandishi kabla ya Alhamisi." Kubahatisha namba mbele ya mbunge ni hatari, kwani anaweza kuitamka bungeni, ikaingia kwenye kumbukumbu, na ikikanushwa aliyeaibika ni yeye. Hatakuita tena.

Dakika ya 14 na 15. Uliza waziwazi: "Je, Mheshimiwa yuko tayari kuwasilisha marekebisho haya?" Akisema ndiyo, uliza ni nani ofisini kwake atakayeshika kazi. Akisema hapana, uliza kinachomzuia. Jibu hilo ni mali. Akisema "tutaangalia", uliza lini mwandishi wenu apige simu, muandike tarehe mbele yake.

Onyo: msimlaumu mbunge kwa mgao wa maji jimboni kwake, hata kama anastahili. Na msibishane ninyi kwa ninyi. Mhandisi na mkemia wakitofautiana kuhusu kipimo mbele yake, mkutano umekwisha.

*Mmefaulu ikiwa* mnatoka na jina la mtu, tarehe, na jambo moja lililoahidiwa. Picha haihesabiki.

## Hatua ya 9: Mkiitwa mbele ya kamati

Wasilisho la maandishi litangulie siku chache, aya zikiwa na namba ili wajumbe waweze kusema "aya ya 7". Usilisome lote. Dakika 5 za kuzungumza kwa utulivu ni takriban maneno 500. Andaa hayo, uyapime kwa saa, kisha punguza maneno 50, maana mtakatizwa.

Elekeza majibu kwa mwenyekiti hata kama swali limetoka kwa mjumbe mwingine. Mjumbe akitoa hotuba badala ya swali, shukuru, kisha rudi kwenye kifungu.

## Hatua ya 10: Mpeleke mtamboni

Mlete aone ndipo hoja itamkaa. Dakika 90 zinatosha, kwa vituo vitatu tu. Kwanza, chupa mbili za kioo: maji ghafi na maji yaliyotibiwa. Pili, kipande cha bomba kilichokatwa, chenye kutu iliyobana njia mpaka kubaki tundu la kidole. Tatu, eneo lenye mgao, ambako aongee na wakazi bila ninyi kuwatafsiria.

Andaa kofia ngumu, viatu na maelezo ya usalama. Chumba cha mitungi ya klorini kisiwe kwenye ratiba. Msipake rangi wala kufagia kupita kiasi: mtambo unaong'aa haumshawishi mtu kuwa unahitaji fedha. Epuka majuma ya kampeni, maana ziara itageuka mkutano wa hadhara.

## Hatua ya 11: Fuatilia mpaka ichapishwe

Ndani ya saa 24 tuma shukrani yenye ombi, ahadi zilizotolewa na majibu mliyodaiwa. Fungua daftari lenye safu tano: tarehe, mliyemwona, alichoahidi, mlichoahidi, siku ya mwisho. Mwandishi alikague kila Ijumaa. Kama mlichoahidi ninyi kimechelewa, kitangulie kabla ya kuulizia cha mbunge.

Marekebisho yakipita, kazi haijaisha. Sheria nyingi hungoja waziri atangaze tarehe ya kuanza kutumika, na vifungu kama cha hesabu ya maji huhitaji kanuni inayosema fomu ikoje na adhabu ni ipi. Andaeni rasimu ya fomu hiyo mapema, muipeleke wizarani na kwa mdhibiti kwa utaratibu uleule wa ukurasa mmoja.

Zikipita siku 90 bila tangazo, mrudieni mbunge aliyewasilisha marekebisho mkiwa na swali la maandishi kwa waziri: kifungu hiki kitaanza kutumika lini, na kanuni zake zimefikia wapi? Swali likishaingia kwenye orodha ya bunge, wizara italazimika kulitafutia tarehe.